Mheshimiwa akikubali mdahalo kabla ya mchujo

Ikitangazwa kwamba mwakilishi wadi aliye ofisini amekubali kupanda jukwaa moja na mtu anayekitaka kiti chake ndani ya chama hicho hicho, watu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, hupigiana simu kana kwamba shughuli imekwisha. Haijaanza. Kukubali kwa mdomo, tena mara nyingi kwenye matanga au katika kipindi cha asubuhi cha redio, hakumgharimu mheshimiwa hata shilingi. Midahalo ya wadi na ya maeneo bunge huku kwetu haifi kwa sababu mtu alikataa waziwazi. Hufia katikati, baada ya "niko tayari wakati wowote", na vinavyoiua vinajulikana: masharti, tarehe, saundi, na nani ameshika orodha ya mlangoni.

Haya nayaandikia kundi lolote, liwe la vijana, la kanisa au chama cha wakazi, linalotaka kuandaa mdahalo wa namna hiyo Kisumu, Nakuru, Kakamega au Busia kabla ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027.

Mchujo, yaani kinyang'anyiro cha tiketi ndani ya chama, ndio unaostahili mdahalo kuliko hata kampeni za mwisho. Kisumu ina maeneo bunge 7 na wadi 35, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya viti hivyo imekuwa ikiamuliwa siku ya kutafuta tiketi ya chama cha ODM. Nakuru nako chama chenye mawimbi hubadilika, lakini mtindo ni huo huo. Aprili 2017 Gavana Jack Ranguma alinyang'anywa tiketi ya ODM na Anyang' Nyong'o, na Nakuru, Gavana Kinuthia Mbugua akaangushwa na Lee Kinyanjui kwenye mchujo wa Jubilee. Wote wawili walikuwa ofisini, na wote waliangukia kwenye mchujo, miezi mitatu na ushei kabla ya kura ya Agosti.

Sasa, mbona mtu mwenye kiti akubali? Soma hesabu yake kabla hujaanza kufurahi. Sheria ya Vyama vya Siasa ilivyorekebishwa mwaka 2022 inatambua mchujo wa moja kwa moja, ambapo wanachama waliosajiliwa hupiga kura, na ule usio wa moja kwa moja, unaopitia wajumbe au njia nyingine iliyo katika kanuni za chama. Mheshimiwa anayetarajia kukabidhiwa tiketi mezani, kama wengine walivyokabidhiwa na ODM mwaka 2022, hana haja ya kujibizana na mtu. Akikubali, huenda amenusa kwamba safari hii kura zitapigwa. Au mpinzani ameanza kujaza viwanja na yeye hataki kuitwa mwoga. Au, na hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, amekubali ili masharti yake yauzike mdahalo polepole bila yeye kuonekana ameshika jembe.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni karatasi. Siku hiyo hiyo aliyotamka, andikeni barua mbili zenye maneno yale yale, moja kwake na moja kwa mpinzani, mzifikishe mkononi na msaini daftari la mapokezi. Taja tarehe, ukumbi, muda, lugha, jina la mwendeshaji, namna maswali yatakavyotungwa, na siku ya mwisho ya kujibu; siku saba zinatosha. Saini iwe ya mwaniaji mwenyewe. Saini ya msaidizi wake haina uzito, kwa sababu wasaidizi wa waheshimiwa hubadilika, na anayefuata atakwambia hajui lolote.

Tarehe ndiyo mtego wa kwanza. Ukiweka mapema mno, kabla chama hakijatoa orodha ya waliolipa ada na kuidhinishwa, utajikuta na mtu jukwaani ambaye wiki ijayo amehamia chama kingine. Ukichelewa hadi siku mbili tatu kabla ya kura, mawakala wameshasambazwa vituoni na hakuna anayesikiliza sera. Siku saba hadi kumi kabla ya mchujo ndipo penye nafasi. Epuka Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu hizo ni siku za mazishi na hakuna mwanasiasa wa magharibi anayekosa mazishi kwa ajili ya mdahalo. Jumamosi pia utawakosa Waadventista, ambao huku ni wengi. Jumatano au Alhamisi ni nzuri, lakini angalia kwanza siku ya soko la pale mlipo. Michujo ya 2017 na 2022 ilifanyika Aprili, na Aprili Kisumu mvua hupenda kunyesha alasiri. Ukumbi wa mabati usio na dari ukipigwa na mvua ile, hata spika kubwa hazisaidii. Anza saa nne asubuhi, umalize saa tano na nusu.

Mkitoa mkutano nje, kiwanjani, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi cha eneo (OCS) apewe taarifa siku tatu hadi kumi na nne kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, mahali na saa, na saa zenyewe ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Hata mkiwa ukumbini, pelekeni barua. Ni taarifa wala si ombi la ruhusa, lakini nakala iliyopigwa muhuri kituoni huzima maneno mengi mlangoni.

Masharti

Mheshimiwa atakuja na sharti hili karibu kila mara: "Niko tayari, lakini wawaniaji wote wawepo." Linasikika la haki. Piga hesabu yake. Wawaniaji saba, kila mmoja dakika mbili za kujibu swali moja, ni dakika kumi na nne. Ongeza dakika moja ya kila mtu kujibu wenzake na dakika moja ya swali lenyewe, mada moja imekula dakika 22. Mada nne ni dakika 88, na hakuna aliyeulizwa swali la pili. Mwenye rekodi ya miaka mitano amejificha katikati ya watu sita wasio na rekodi yoyote, na anatoka na picha nzuri.

Lakini huwezi pia kuwaacha wengine nje kienyeji. Mwaka 2013, kwenye mdahalo wa kwanza wa urais pale shule ya Brookhouse, Paul Muite alikwenda mahakamani baada ya kuachwa, na mwishowe yeye na Mohamed Dida wakaongezwa, jukwaa likawa na watu wanane. Andika kigezo kabla hujaalika mtu yeyote: kila aliyeidhinishwa na chama kuwania anaingia, wakizidi wanne, tunagawa vikao viwili. Waandalizi wa mdahalo wa urais wa 2022 waligawa wagombea wanne mara mbili kwa kufuata kura za maoni. Kwenye wadi hakuna kura ya maoni ya kuaminika, kwa hiyo pigeni bahati nasibu mbele ya mawakala wa wote. Mheshimiwa na mpinzani wake mkuu wakitaka kukutana uso kwa uso, waandike wenyewe wawili kwamba wamekubaliana, na wengine wapewe kikao chao cha muda ule ule.

Sharti la pili ni kuletewa maswali mapema. Toa mada, usitoe maswali. Mada nne zitumwe kwa wote siku tano kabla, kwa ujumbe mmoja ulio na namba zote mbili ndani yake ili kila mmoja aone mwenzake amepata nini, saa ngapi.

La tatu ni mwendeshaji. Hapa msitafute mtu maarufu, tafuteni mtu asiyedaiwa. Chifu na msaidizi wake hawafai, ni watumishi wa umma wanaotakiwa kukaa mbali na siasa za vyama. Mchungaji ambaye paa la kanisa lake lilichangiwa na mheshimiwa kwenye harambee hafai, hata akiwa mtu mwadilifu kiasi gani, kwa kuwa kila atakapomkatiza mpinzani ukumbi utakumbuka yale mabati. Mtangazaji aliyewahi kuwa MC wa kampeni za yeyote kati yao hafai. Mwalimu mstaafu au wakili kutoka wadi ya mbali, anayejua kunyamazisha watu bila kupiga kelele, atawafaa kuliko sauti tamu ya redio. Awe mmoja. Waendeshaji wawili kwenye mdahalo mdogo huanza kushindana wao kwa wao.

Na msidhani mpinzani hana masharti yake. Yeye hupenda kuja na bahasha ya kaki. Katikati ya mdahalo anainyanyua juu, "ushahidi ninao hapa," ukumbi unalipuka, na hakuna anayejua ndani mna nini. Pengine mna risiti za hoteli. Weka kanuni: hati yoyote itakayotajwa ikabidhiwe kwa mwendeshaji na nakala kwa upande wa pili saa 24 kabla. Isiyokabidhiwa haionyeshwi. Karatasi tupu na kalamu zinaruhusiwa jukwaani, simu hapana, maana kuna msaidizi nyuma ya ukumbi anayetuma majibu kwa WhatsApp.

Dakika 90

Hii ndiyo ratiba inayokaa vizuri kwa watu wawili. Mwendeshaji anafungua kwa dakika 4, akisoma kanuni zote kwa sauti. Kila mwaniaji ana dakika 2 za utangulizi. Kisha mada nne, kila moja dakika 12: swali dakika 1, jibu dakika 2 kwa kila mtu, kujibizana dakika 1 kwa kila mtu, halafu dakika 5 za mwendeshaji kufuatilia. Hizo dakika 5 ndizo mdahalo wenyewe, na ndizo pande zote mbili zitataka zipunguzwe. Msikubali. Baada ya hapo waulizane, swali moja kwa kila upande, dakika 3 kwa kila swali pamoja na jibu na nyongeza. Maswali manne ya wananchi, dakika tatu na nusu kila moja. Kufunga dakika 2 kwa kila mtu, na mwendeshaji dakika 1. Jumla ni dakika 81. Tisa zilizobaki si za ziada. Zitaliwa na makofi, na mzee atakayekataa kuketi, na stima.

Shilingi irushwe mbele ya mawakala wa pande zote saa tatu na nusu, kuamua nani anaanza na nani anasimama upande gani. Anayetangulia kufungua ndiye anayetangulia kufunga pia, ili aliyeanza wa pili apate neno la mwisho. Wengine hufanya kinyume, ni sawa, mradi iandikwe kabla. Mwenye saa akae mstari wa mbele, mahali wawaniaji wote wanamwona, na mabango matatu makubwa: DAKIKA 1, SEKUNDE 30, ACHA.

Bango peke yake halimzuii mwanasiasa. Kinachomzuia ni maikrofoni kuzimwa, na hapo tunafika kwenye saundi, ambapo midahalo mingi huharibika huku watu wakilaumu siasa.

Mnahitaji maikrofoni sita. Mbili za waya kwa wawaniaji, zimefungwa kwenye vishikilio. Moja ya mwendeshaji. Mbili zisizo na waya za wananchi, betri mpya asubuhi hiyo hiyo, zishikwe na wasaidizi wenu na zisiwahi kuachwa mikononi mwa anayeuliza, kwa sababu akiishika haitarudi. Ya sita ni ya akiba, imeshachomekwa. Fundi abandike utepe wenye jina juu ya kila chaneli ya miksa, mashine ya kupandisha na kushusha sauti, na aketi ubavuni pa mwenye saa ili bango la ACHA likipanda tu, anashusha chaneli ya anayezungumza. Afanye hivyo kwa wote kuanzia dakika ya kwanza. Akimwachia mheshimiwa sekunde ishirini kwenye utangulizi, hatakuwa na uso wa kumkata mpinzani saa moja baadaye.

Ulizeni fundi huyo hufanyia nani kazi. Kwenye miji yetu watu wa saundi wanaotegemewa ni wachache, na kazi yao kubwa ni mikutano ya wanasiasa hao hao. Si lazima awe na hila. Anadaiwa shukrani tu, au yeye anadai pesa ambazo hajalipwa, na yote mawili ni mabaya. Mchukueni kutoka Kakamega kama mdahalo uko Kisumu, au kutoka Kericho. Nauli yake ni bei nafuu ya amani.

Spika ziwekwe mbele ya jukwaa zikitazama watu. Zikiwa nyuma ya wawaniaji, maikrofoni zitapiga mluzi kila mtu akipaza sauti, na fundi atashusha sauti ya wote, na watu wa nyuma wataanza kupiga kelele kwamba mgombea wao anazimwa. Jenereta lisimame nje, mbali kiasi cha kutosikika, lina lita kumi za petroli ingawa hamtarajii kulitumia. Stima ikikatika, miksa huzima kwa sekunde chache na huchukua muda kurudi. UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba, chini ya meza ya miksa huondoa kabisa tatizo hilo, na ni kifaa ambacho karibu hakuna anayekikumbuka.

Kama kuna redio inayorusha moja kwa moja, iwe Nam Lolwe, Ramogi au Mulembe, wape waya wao wenyewe kutoka miksa, tofauti na ule wa spika za ukumbini. Vinginevyo fundi akishusha sauti ukumbini, wasikilizaji wa Ahero nao watapoteza mdahalo. Majaribio yafanyike saa moja kabla, watu wawili wakisema kwa pamoja, maana ndivyo itakavyokuwa. Na nyinyi wenyewe rekodini yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye vifaa viwili.

Mwaniaji atakayefika na maikrofoni yake shingoni, arudishe garini.

Mlangoni

Chukua ukumbi wa viti 200. Kila upande upewe kadi 60, zenye namba na saini yenu, na kadi 80 mgawe wenyewe kwa vikundi vya akina mama, sako (ushirika wa akiba) ya bodaboda, wachuuzi, walimu, watu wenye ulemavu. Wafuasi wa mheshimiwa wakae kulia, wa mpinzani kushoto, na hawa 80 katikati. Najua kuna wanaopenda kuwachanganya watu ili wazoeane. Wafanye hivyo kwenye harusi. Milango iwe miwili, na misafara ifike kwa kupishana dakika ishirini. Fulana zenye picha, vuvuzela na filimbi vibaki nje.

Kuna swali ambalo vijana watawauliza mlangoni bila aibu: "Tunatolewa namna gani?" Msilipe mtu kuja kusikiliza. Mkianza kulipa nauli ya kikundi kimoja, saa hiyo hiyo upande mwingine utasema mmenunua ukumbi. Mlipie wale wenye ulemavu usafiri wao, mtangaze hivyo waziwazi, basi. Hali kadhalika msipokee maji, viti au jenereta kutoka kambi yoyote. Mheshimiwa akisema anasaidia tu na hema, mshukuruni na mkatae.

Lugha iamuliwe kwenye barua. Kisumu mjini kuna Waluo, Waluhya, Wakisii na Wahindi. Mwaniaji akihamia Kidholuo ili apige mzaha, nusu ya kadi zile 80 zimeachwa nje. Kiswahili kiwe lugha ya mdahalo, na neno la lugha nyingine litafsiriwe palepale na mwendeshaji kwa gharama ya dakika za aliyelisema. Mwendeshaji ajue mapema pia maneno ya kuchoma: mtu akimwita mwenzake jadak, yaani mhamiaji, amemwambia hana haki ya kuongoza ardhi hiyo, na ukumbi wote umeelewa hata kama mwendeshaji wa kutoka mbali hajaelewa. Mkalimani wa lugha ya ishara asimame kwenye mwanga, karibu na jukwaa, mahali ambapo kamera nayo inamwona.

Maswali

Hapa pana jambo ambalo waandalizi wengi hulisahau. Hawa wawili ni wa chama kimoja. Manifesto ni moja, kiongozi ni mmoja, rangi ni moja. Ukiwauliza kuhusu sera za chama watakubaliana kwa dakika tano, kisha watahamia kwenye mashindano ya nani alimpenda kiongozi wa chama zaidi na ni nani aliyelala kwenye gesi ya machozi miaka ile. Kisha ukoo. Kwa hiyo maswali ya mchujo yawe juu ya mambo mawili tu: rekodi, na nini kitangulie nini.

Rekodi hutafutwa kwenye karatasi. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge la kaunti, itakuonyesha mheshimiwa aliuliza nini na lini. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hupaswa kufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zinapatikana kwa umma. Kwa mbunge, Mzalendo Trust huchapisha tathmini za michango bungeni. Hati mnayonyimwa iombeni kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, kwa hiyo barua hiyo itangulie barua ya mwaliko. Mkingoja hadi mheshimiwa akubali, mmechelewa.

"Una mipango gani kwa vijana?" si swali, ni zawadi. Linganisha na hili: "Soko hili lilianza kujengwa na limesimama. Uliuliza kuhusu mkandarasi katika bunge la kaunti siku gani, na kamati ilikujibu nini?" Mwendeshaji ana Hansadi mkononi. Jibu la kawaida litakuwa, "Hilo ni la gavana." Basi afuatilie mara moja: kifungu cha 185 cha Katiba kinampa bunge la kaunti kazi ya kuichunguza serikali ya kaunti, uliichunguza vipi? Swali liwe na kichwa kimoja. Ukiuliza matatu kwa pamoja, atachagua lililo jepesi na dakika mbili zimekwisha.

Mpinzani naye asibembelezwe kwa sababu hana rekodi. Yeye ndiye huahidi lami, polisi wa doria na shule ya sekondari, wakati mwakilishi wadi hana mamlaka juu ya polisi wala shule za sekondari. Jadwali la Nne la Katiba limeziacha kwa serikali ya kitaifa. Kaunti ina zahanati, chekechea, masoko, maji, barabara za kaunti. Swali la kumbana ni hili: "Taja mradi mmoja ulio kwenye mpango wa sasa utakaouondoa ili upate pesa za huo unaoahidi." Ukimya unaofuata hapo una thamani kuliko hotuba.

Na wote wawili waulizwe kabla ya kufunga: ukishindwa kwenye mchujo, utamuunga mkono mwenzako, utakwenda kwenye jopo la mizozo ya vyama, au utasimama kama mgombea huru? Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, na mchujo wa Aprili unaacha mwanya huo wazi. Jibu likisharekodiwa, limerekodiwa.

Maswali ya wananchi yaandikwe kwenye kadi mlango unapofunguliwa, nusu ya kadi ziende kwa wanawake, na yachaguliwe na watu watatu huku mawakala wa pande zote wakitazama bila kugusa. Aliyeandika asimame asome mwenyewe, sekunde 30. Akianza hotuba, msaidizi aondoe maikrofoni kinywani mwake. Mwendeshaji pia aseme jambo ambalo litawasaidia watu kuliko jibu lolote jukwaani: mchujo wa wanachama huhitaji uwe kwenye rejista ya chama, na mtu anaweza kuangalia usajili wake kupitia eCitizen.

Kiti kitupu

Atakubali, atasaini, na huenda asije. Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakufika kwenye mdahalo wa urais na Raila Odinga akajibu peke yake. Julai 2022 Raila naye hakufika, na William Ruto akasimama peke yake. Kama hilo liliwezekana mbele ya nchi nzima, mwakilishi wadi hataona haya. Kipengele hiki kiwe ndani ya barua aliyosaini: tunasubiri dakika kumi, kisha tunaendelea na aliyepo kwa dakika 45, si 90.

Kikao cha mtu mmoja kina hatari yake, hugeuka mkutano wa kampeni wa bure. Mwendeshaji achukue nafasi ya asiyekuwepo: amuulize aliyepo yale ambayo mheshimiwa angemuuliza, na kwa ukali ule ule. Msiweke sanamu, mbuzi wala gunia kwenye nafasi iliyo tupu. Vichekesho hivyo vinampa aliyetoroka sababu ya kusema alijua atadhalilishwa. Someni barua aliyosaini, mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Akituma msaidizi au mwanamke kiongozi wa kampeni amwakilishe, msimpandishe. Tiketi haitafutwi kwa wakala.

Jioni hiyo hiyo wekeni rekodi nzima mtandaoni, bila kukata hata kikohozi. Kambi zote mbili zitakuwa zimeshatoa vipande vya sekunde arobaini, na msipotoa yote kabla ya saa tatu usiku, vipande hivyo ndivyo vitakuwa mdahalo. Bandikeni na karatasi ya mwenye saa inayoonyesha kila mmoja alizungumza dakika ngapi; ikiwa tofauti imezidi dakika mbili, semeni wenyewe ilitokana na nini kabla hamjaulizwa. Malalamiko yapokewe kwa maandishi hadi saa sita mchana kesho yake, yajibiwe siku hiyo, na kila jibu litumwe kwa pande zote mbili pamoja.